Ukiwa kwenye dawa za presha: tabia za kila siku za kuacha, na namna ya kuziacha

Presha ikikataa kushuka, lawama hupelekwa kwenye kidonge: hakina nguvu, ni feki, hakipatani na damu yangu. Mara nyingi kidonge hakina kosa. Kosa liko kwenye yanayokizunguka: dawa ya mgongo iliyonunuliwa juzi, magadi kwenye maharage, wikiendi nzima bila dozi, au kipimo kilichochukuliwa dakika moja baada ya kupanda ngazi.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Hakuna hatua inayokutaka ubadilishe dozi mwenyewe. Utakapoona jambo linalokuhusu, liandike upeleke kliniki.

Hatua ya 1: Toa dawa zote mezani usome majina

Chukua karatasi. Kwa kila pakiti andika jina la dawa yenyewe (lile lenye herufi ndogo chini ya jina la biashara), miligramu, na saa unayomeza. Dawa moja huuzwa kwa majina ya biashara mengi. Mwezi huu ukipewa pakiti ya rangi nyingine, ni rahisi kumeza amlodipine mara mbili ukidhani ni dawa mbili tofauti. Kuna pia vidonge vya mchanganyiko, kama losartan na hydrochlorothiazide ndani ya kidonge kimoja. Mtu hupewa hicho kliniki, na nyumbani anaendelea na losartan ya zamani.

Mwisho wa jina hukuambia ukoo wa dawa. Hapa majina yameachwa kama yanavyochapishwa kwenye pakiti ili uyatambue.

- Zinazoishia na -dipine (amlodipine, nifedipine, felodipine) hulegeza mishipa ya damu.
- Zinazoishia na -pril (captopril, enalapril, lisinopril) na zile za -sartan (losartan, telmisartan, valsartan) huzuia homoni inayobana mishipa. Makundi haya mawili hayamezwi pamoja, kwa sababu yakikutana figo huweza kuumia na madini ya potasiamu kupanda kwenye damu. Ukikuta captopril na losartan kwenye kapu moja, uliza siku hiyo hiyo.
- Zinazoishia na -lol (atenolol, propranolol, bisoprolol, carvedilol) hupunguza kasi ya moyo.
- Dawa za kukojoza: hydrochlorothiazide, bendrofluazide, furosemide (wengi huiita Lasix), spironolactone.

Orodha hii ikishakamilika, acha kuazima na kuazimisha. Kidonge kilichomshusha jirani si lazima kikushushe wewe. Utafiti uliofanyika katika nchi 6 za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya na Uganda zikiwemo, na kuchapishwa 2019, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi mchanganyiko wowote wenye amlodipine uliishusha presha zaidi kuliko perindopril pamoja na hydrochlorothiazide. Kwa hiyo daktari anapokupa dawa tofauti na ya shemeji yako, huenda ana sababu. Jirani naye anaweza kuwa na kisukari, ugonjwa wa figo au pumu ambayo hukuambiwa. Propranolol ya kuazima inaweza kumbana kifua mwenye pumu.

Kuhusu kutunza: viache vidonge kwenye karatasi zake mpaka dakika ya kumeza. Usivimimine vyote kwenye kichupa kimoja, usiviweke juu ya friji, karibu na jiko wala kwenye gari lililoegeshwa juani. Captopril ikinuka kidogo kama kiberiti usishtuke, ndiyo harufu yake.

Hatua ya 2: Acha kuutumia mwili kama kipimo

Hii ndiyo tabia inayopeleka watu wengi kwenye kiharusi. "Kichwa hakiumi, basi presha imekaa sawa." Mtu anaweza kuwa na 180/110 na akalima, akafundisha, akaendesha bodaboda siku nzima bila kusikia lolote.

Kinachowadanganya zaidi ni namna dawa zenyewe zinavyotoka mwilini. Amlodipine hutoka taratibu: inachukua saa 30 hadi 50 kupungua nusu. Ukiiacha Jumatatu, Jumanne hujisikii tofauti, na ukipima unaweza kukuta namba nzuri bado. Hapo ndipo mtu husema amepona. Siku zinavyopita presha hurudi ilikokuwa, naye ameshaacha kupima. Captopril ni kinyume chake. Nguvu yake huisha baada ya saa chache, ndiyo maana humezwa mara 2 au 3 kwa siku, na ukiruka ya mchana pengo linatokea siku hiyo hiyo.

Kundi la -lol lina hatari yake. Ukiacha ghafla atenolol au propranolol uliyoitumia kwa muda mrefu, moyo huanza kwenda mbio na presha hupanda kwa kishindo; mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo anaweza kupata shambulio la moyo. Dawa hizi hupunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki moja au zaidi, chini ya maelekezo. Clonidine, dawa nyingine ya presha, nayo iko hivyo hivyo.

Zipo sura nyingine za tabia hii. Kumeza siku presha ikipanda tu. Kupasua kidonge cha miligramu 10 nusu "ili kisiishe haraka". Kupumzisha dawa ili figo zipate nafuu, wakati kinachotafuna figo ni presha yenyewe ikiachwa juu miaka na miaka. Na ule usemi wa "ukianza huachi" huwazuia watu kuanza kabisa. Dawa za presha hazina uteja. Watu hawaziachi kwa sababu ugonjwa wenyewe hauondoki, ingawa aliyepunguza uzito na chumvi kwa dhati anaweza kupunguziwa dozi na daktari wake.

Usihukumu dawa mpya siku ya tatu pia. Nyingi zinahitaji wiki 2 hadi 4 kuonyesha nguvu yake yote. Anayebadilisha kila wiki hajawahi kujua ipi ingemfaa.

Cha kufanya:

1. Fungamanisha kidonge na jambo unalolifanya kila siku bila kukosa: kupiga mswaki, chai ya asubuhi, swala ya alfajiri. Asubuhi au usiku? Utafiti mkubwa wa Uingereza wenye watu zaidi ya 21,000, uliotolewa 2022, haukuona tofauti katika kuzuia kiharusi na shambulio la moyo. Chagua saa unayoiweza. Dawa ya kukojoza tu ndiyo bora imezwe asubuhi, usije ukaamka usiku kucha kwenda msalani.
2. Ukisahau dawa ya mara moja kwa siku ukakumbuka siku ile ile, meza. Ukikumbuka wakati wa dozi inayofuata, achana na iliyopita. Usimeze mbili kwa pamoja kufidia. Hiyo ndiyo inayoangusha watu bafuni.
3. Nunua au kachukue nyingine vikibaki vidonge vya siku 7. Karatasi tatu za vidonge kumi kumi hazitoshi mwezi wa siku 31, hesabu ndogo inayosahaulika kila Januari.
4. Ukisafiri, dawa ikae kwenye mkoba unaoubeba mwenyewe. Begi la chini ya basi lina joto, na linaweza kushuka kituo kisicho chako.

Hatua ya 3: Dawa za maumivu

Hapa pana hasara kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu hakuna anayehesabu dawa ya mgongo kuwa na uhusiano na presha. Diclofenac, ibuprofen (Brufen), meloxicam, piroxicam, indomethacin: zote huifanya figo ishike chumvi na maji badala ya kuvitoa. Presha hupanda, miguu huvimba, na dawa yako ya presha hasa zile za -pril, -sartan na za kukojoza hupungua nguvu. Daktari asipoambiwa, anaona namba ziko juu na kukuongezea dawa ya tatu.

Hatari kubwa zaidi ni mkutano wa watatu: -pril au -sartan, dawa ya kukojoza, na diclofenac au ibuprofen. Kila moja inagusa mtiririko wa damu kwenye figo kwa njia yake. Zikiwa tatu, na mtu ana kuhara au hanywi maji ya kutosha, figo zinaweza kusimama ndani ya siku chache. Mzee mwenye maumivu ya magoti anayemeza diclofenac asubuhi na jioni, juu ya losartan na hydrochlorothiazide, yuko hasa kwenye njia hiyo.

Ukiumwa kichwa, jino au mgongo, anza na paracetamol. Kwa mtu mzima ni vidonge 2 vya miligramu 500, mara nyingine baada ya saa 6, usizidishe 8 kwa siku, na upungufu wa uzito au ini bovu hupunguza kiwango hicho. Epuka paracetamol inayochemka kwenye maji, imejaa sodiamu, ile ile ya kwenye chumvi inayopandisha presha. Soma pakiti za dawa za mchanganyiko pia, kwa kuwa vidonge vingine vya maumivu huwa na diclofenac na paracetamol pamoja, vingine aspirin na kafeini. Kwa goti linalouma kila siku, dawa ya kupaka, mazoezi ya viungo na kupunguza uzito ni njia salama kuliko kidonge cha kila siku. Sindano ya maumivu "ya haraka" kutoka duka la dawa mara nyingi ni diclofenac ile ile.

Aspirin ndogo ya miligramu 75 uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo ni habari nyingine. Hiyo usiiache mwenyewe.

Hatua ya 4: Ukifika dukani, sema kabla hujaomba dawa

Sentensi moja inatosha: "Natumia dawa za presha, hizi hapa," kisha toa karatasi yako ya hatua ya kwanza. Mfamasia mzuri atakuuliza zaidi. Asiyeuliza, angalia mwenyewe haya:

Dawa za mafua na pua kuziba zenye pseudoephedrine, phenylephrine au ephedrine hubana mishipa. Pua inafunguka, presha inapanda. Maji ya chumvi ya puani hufanya kazi bila madhara hayo.

Dawa za kiungulia zenye sodium bicarbonate huleta sodiamu nyingi.

Co-trimoxazole (Septrin) pamoja na -pril, -sartan au spironolactone hupandisha potasiamu. Anayeitumia kila siku kwa maelekezo ya kliniki asiiache, ila kliniki zote mbili zijue. Clarithromycin ikikutana na amlodipine au nifedipine inaweza kushusha presha kupita kiasi. Rifampicin ya kifua kikuu hufanya kinyume: huiondoa nifedipine, amlodipine na losartan haraka mwilini, kwa hiyo presha iliyokuwa imetulia inaweza kupanda katikati ya matibabu ya TB. Baadhi ya dawa za VVU, hasa zenye ritonavir au atazanavir, huongeza nguvu ya amlodipine.

Hatua ya 5: Jikoni

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko cha chai kilichosawazishwa, na hapo ndani imo ya mkate, ya samaki mkavu na ya chipsi. Kupika kwa kuonja hakupunguzi chumvi. Pima. Kwa familia ya watu wazima 5, asubuhi weka vijiko vya chai 3 kwenye kikombe. Hiyo ndiyo chumvi ya kupikia ya nyumba nzima mpaka usiku, sehemu iliyobaki viachie vyakula vya kununua. Kwa kipimo hicho pakiti ya nusu kilo hutosha mwezi mzima. Kama kwenu inaisha kwa wiki mbili, umeshapata jibu la kwa nini presha haishuki.

Ukikata yote siku moja, watoto watagoma kula. Punguza robo kila wiki. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache, hasa ukisaidiwa na limau, tangawizi, bizari, pilipili, giligilani na nazi.

Wapo wanaosema chumvi mbaya ni ile mbichi, iliyochemka haina neno. Sodiamu haiondoki kwa kuchemshwa. Chumvi ya ndani ya mchuzi na ile inayonyunyizwa kwenye yai au embe bichi ni ileile.

Kisha kuna sodiamu isiyo na ladha ya chumvi, na hii hupita bila kuonekana. Magadi ni sodiamu: yakitiwa kwenye maharage, kande, mlenda au kisamvu ili viive haraka, mgonjwa anakula sodiamu ambayo ulimi haukuitambua. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya. Kuni utakazookoa ni karibu zile zile. Vidonge vya kuunga mchuzi, takriban nusu ya uzito wake ni chumvi, hivyo ukitia kidonge usitie chumvi nyingine. Ng'onda na papa mkavu wakatwe, walowekwe, maji yabadilishwe mara 2 au 3 kabla ya kupikwa, na sufuria isiongezwe chumvi tena. Achari, soseji, tambi za haraka na zile pakiti ndogo za unga wake wa ladha, weka kando. Kwenye nyama choma, omba chumvi isimwagwe kwenye ubao.

Tahadhari moja kwa wale wanaonunua chumvi "ya watu wa presha" supamaketi. Nyingi zimepunguzwa sodiamu kwa kutiwa potasiamu. Ni nzuri kwa wengi, lakini mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia -pril, -sartan au spironolactone, asiitumie kabla ya kupimwa potasiamu. Potasiamu ikizidi, moyo hupoteza mpigo wake. Ndizi na chungwa vya kawaida havina shida kwa mwenye figo nzima.

Hatua ya 6: Miti shamba, choya na balungi

Kitunguu saumu, mlonge, choya: baadhi kweli hushusha presha kidogo. Shida huanza mtu anapovichukua *badala* ya vidonge, au anapovichanganya kimyakimya na vidonge kisha hajui kipi kilimfanya aone kizunguzungu. Kikombe cha choya kisicho na sukari nyingi si kosa. Jagi zima kila siku, pamoja na dawa ya kukojoza, liseme kliniki. Chupa isiyo na lebo kutoka kwa mtu asiyekuambia imo nini, iache, kwa kuwa figo ndizo zinazolipa.

Balungi lina kemikali zinazozuia utumbo kuivunja dawa, na athari hiyo hukaa zaidi ya siku moja, kwa hiyo kutenganisha saa hakusaidii. Linaigusa zaidi felodipine, na nifedipine pia. Dawa inapita kwa wingi na presha inaanguka. Danzi ni wa ukoo huo. Machungwa, machenza na malimau endelea kula.

Hatua ya 7: Pombe, mirungi, tumbaku, vinywaji vya nguvu

Pombe ina sura mbili. Saa chache za kwanza huweza kulegeza mishipa na, juu ya dawa, kukuangusha ukisimama. Lakini unywaji wa mara kwa mara hupandisha presha siku zote. Wanaoruka dawa siku ya kunywa "ili zisigongane" hujiumiza mara mbili. Mirungi hubana mishipa na kuukimbiza moyo kwa saa kadhaa. Mla mirungi wa kila jioni anashindana na kidonge chake mwenyewe. Sigara, shisha na ugoro vina nikotini, na kunusa badala ya kuvuta hakuifuti. Vinywaji vya kuongeza nguvu achana navyo. Kahawa kikombe kimoja au viwili kwa aliyeizoea si tatizo kubwa, ila isiwe nusu saa kabla ya kupima.

Hatua ya 8: Dawa ikikuletea shida, usijitibu

Kikohozi kikavu kinachokereketa usiku, kilichoanza wiki au miezi baada ya captopril, enalapril au lisinopril, hakitaondoka kwa dawa ya kifua wala kwa antibayotiki. Mara nyingi ni dawa yenyewe. Daktari hubadilisha, mara nyingi kwenda -sartan, na kikohozi hukatika ndani ya wiki chache. Lakini ukivimba midomo, ulimi au uso ukiwa kwenye -pril, acha dawa hiyo na kimbia hospitali. Njia ya hewa inaweza kuziba. Jambo hili ni la nadra, ila hutokea zaidi kwa watu weusi.

Vifundo vya miguu kuvimba jioni ukiwa na amlodipine, hasa ya miligramu 10, husababishwa na mishipa iliyolegea. Kujinunulia Lasix hakuondoi sababu, na kunakupotezea maji na potasiamu. Kupunguziwa dozi au kuongezewa -pril au -sartan ndiko kunakosaidia.

Wanaume wengi huacha dawa kimya kwa ajili ya nguvu za kiume. Baadhi ya dawa za kukojoza na za -lol zinaweza kuchangia, na kuna nyingine za kubadilishia. Sema tu, daktari ameshalisikia mara nyingi. Presha na kisukari navyo huharibu mishipa hiyo hiyo. Kinachotisha ni suluhisho la mtaani. Sildenafil (Viagra) pamoja na dawa za nitrate za maumivu ya moyo inaweza kuua, na poda kama vumbi la Kongo hazina lebo ya kukuambia zimechanganywa na nini.

Kizunguzungu ukisimama: kaa, kisha inuka kwa hatua, dakika moja ukingoni mwa kitanda kwanza. Usilambe chumvi. Pima ukiwa umekaa, halafu dakika 1 na 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, peleka taarifa hiyo.

Na usimtobolee mgonjwa kidonge cha nifedipine chini ya ulimi presha ikipanda ghafla. Zamani ilifanyika hata hospitali. Iliachwa kwa sababu presha huporomoka upesi mno, ubongo na moyo vikakosa damu. Nifedipine ya kutoka taratibu haitafunwi wala kusagwa.

Hatua ya 9: Pima ipasavyo au usipime

Namba mbovu hubadilisha dawa zako, kwa hiyo fanya hivi:

1. Nusu saa kabla: hakuna kahawa, sigara wala kazi nzito. Nenda haja ndogo, kibofu kilichojaa hupandisha namba.
2. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote miwili chini bila kukunjwa nne, dakika 5 kimya.
3. Mkanda ufungwe juu ya ngozi, si juu ya nguo, juu ya kiwiko. Mkanda mdogo kwa mkono mnene hukuonyesha presha usiyo nayo.
4. Mkono ulale mezani usawa wa moyo. Ukining'inia, namba inaweza kupanda kwa 10.
5. Usizungumze. Chukua vipimo 2, dakika moja kati yao, andika vyote.

Fanya asubuhi kabla ya dawa na jioni, siku 7 kabla ya kliniki. Tupa vipimo vya siku ya kwanza, tafuta wastani wa vilivyobaki. Nyumbani wastani wa 135/85 au zaidi ni juu. Lengo la wengi kliniki ni chini ya 140/90, na kwa mwenye kisukari, ugonjwa wa moyo au figo, namba ya juu ishuke chini ya 130. Mashine za kufunga kifundo cha mkono hukosea kirahisi. Nunua ya juu ya kiwiko. Tabia ya kupima mara kumi kwa siku nayo iache, hofu pekee inatosha kuisukuma namba.

Hatua ya 10: Siku zisizo za kawaida

Ukihara au kutapika sana, wasiliana na kituo siku hiyo. Dawa za kukojoza, -pril na -sartan huenda zikasimamishwa mpaka uanze kula na kunywa tena. ORS ina chumvi, lakini hapo inahitajika. Usiiogope.

Mfungo wa Ramadhani upangwe wiki kadhaa kabla. Dawa za mara moja kwa siku huhamia futari au daku bila tabu. Captopril ya mara tatu hubadilishwa. Dawa ya kukojoza ikimezwa daku hukukausha mchana kutwa, kwa hiyo mara nyingi huhamishiwa futari. Mwenye moyo au figo dhaifu apate ruhusa kwanza.

Hydrochlorothiazide huifanya ngozi iumie na jua. Mwenye ualbino amkumbushe daktari kuhusu hilo kabla ya kuandikiwa.

Mwanamke anayeweza kushika mimba aseme anapoandikiwa -pril au -sartan, maana humdhuru mtoto tumboni. Mimba ikiingia, fika kliniki mara moja ubadilishiwe, kwa kawaida kwenda methyldopa, nifedipine au labetalol. Usiache tu ukakaa bila dawa. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili hupandisha presha, kwa hiyo omba njia nyingine.

Siku ya kliniki meza dawa kama kawaida, kwa maji, hata ukiambiwa ufike bila kula, isipokuwa umeelekezwa vingine. Wanaoiacha ili "daktari aone presha halisi" huishia kuongezewa dozi wasiyoihitaji. Beba karatasi ya dawa, vipimo vya wiki, na uulize lini mara ya mwisho ulipimwa kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) na potasiamu: vipimo hivyo hufanywa wiki chache baada ya kuanza -pril, -sartan au dawa ya kukojoza, kisha angalau mara moja kwa mwaka.

Ukikuta 180/120 au zaidi na hujisikii vibaya, kaa dakika 5, rudia. Ikibaki hapo, onana na mhudumu siku hiyo bila kumeza dozi ya ziada. Ikiwa na maumivu ya kifua, pumzi kukata, uso kupinda, mkono au mguu kulegea upande mmoja, maneno kugeuka, macho kuona giza ghafla au kichwa kuuma kwa namna isiyowahi kutokea, usisubiri kurudia kipimo. Tafuta usafiri wa kwenda hospitali, na mtu wa kuongozana naye abebe pakiti za dawa zote.